Jicho Jekundu Kabla ya Usaili

Ijumaa ile tulikuwa tunakamua ndizi za rubisi, pombe yetu ya ndizi, nyumbani, Nyabiyonza. Zilibaki siku tatu niende kwenye usaili wa askari wa misitu: kupimwa afya, kisha kukimbia. Tangu nimalize chuo, hiyo ndiyo ilikuwa barua ya kwanza kuniita popote. Kwa hiyo niligeuza kila kazi kuwa mazoezi. Baba alikuwa akikanyaga ndizi taratibu ndani ya mtumbwi wa kukamulia. Nikaingia mimi, nikakanyaga kama ninayefukuzwa. Kisha nikanyanyua madumu mawili yaliyojaa, nikabana pumzi na kuhesabu hadi arobaini.

Mama ndiye aliyeona. “Mwanangu, jicho!”

Kwenye kioo, weupe wa jicho la kushoto ulikuwa umejaa damu, nyekundu kama buni mbivu. Halikuuma. Niliona vizuri kabisa, na hilo likanitisha zaidi.

“Umeonja?” baba aliuliza.

“Baba, hii si bado juisi?”

“Huko kwenye usaili nani atakuuliza kama imechacha? Watakuandika mlevi.”

Akacheka. Mimi nilikwenda zahanati.

Daktari alinimulika, akanipima presha. “Umebana pumzi, presha imepanda ghafla, kamshipa kamepasuka. Damu itafifia yenyewe kwa wiki moja au mbili. Likiuma, au ukiona ukungu, rudi.”

“Mazoezi niache?”

“Usiache. Mazoezi ni mazuri kwa mishipa.”

“Si ndiyo yameupasua?”

“Kubana pumzi ndiko kumeupasua. Pumua tu.”

Njiani nilizidi kuchanganyikiwa. Je, kupiga chafya? Kucheka sana? Jumamosi sikukimbia, nilitembea nikipumua kwa sauti hadi majirani wakanipa pole. Jumapili kanisani nilikaa pembeni kabisa, jicho baya likitazama ukuta.

Jumatatu mpimaji alinishika kidevu. “Rubisi?”

“Hapana, afande. Yaani ndiyo, lakini nilikuwa ndani yake. Kwa miguu.”

Wenzangu waliangua kicheko. Nikaanza kueleza habari za madumu, pumzi na kamshipa. Yeye akaandika neno moja tu kwenye fomu yangu, sikuliona, kisha akanionyesha mstari wa mbio.

Filimbi ilipolia, nilikwenda hatua kama ishirini ndipo nikagundua nimebana pumzi. Nikasimama, nikapumua, wenzangu wakanipita. Nilimaliza karibu na mwisho.

Sikuchukuliwa. Jicho lilipona kabla majina hayajabandikwa, na hadi leo sijui niliachwa kwa sababu ya mbio au kwa lile neno moja.