Kitambaa Kwenye Swichi

Mbishi hakuzaliwa na jina hilo. Alilipata karakanani, likamkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa seremala wa viti, mwembamba, kope zimejaa vumbi la mbao, na ubishi wake haukuwa na likizo. Ukimwambia mvua inakuja, atakuuliza nani kakwambia. Dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alishona mito ya viti kwenye kona ya karakana hiyohiyo. Yeye tu ndiye aliyeweza kumnyamazisha, tena si kila siku. Dada alisali kabla ya kukanyaga cherehani, na Mbishi alikuwa akimuuliza kama uzi ungekatika asiposali.

Lakini ubishi uliokuwa wa karakana nzima ulihusu kitambaa cheusi. Babu Vanishi, mzee wa kupaka rangi, alikifunga kwenye swichi ya msumeno mkubwa baada ya kufariki mzee aliyeununua msumeno huo, baba wa tajiri mwenye karakana. Mzee alisema marehemu hajauachia. Siku moja ya mvua, alisimulia, marehemu alimshika mkono hadi begani, akamtupa chini. Tangu hapo hakuna aliyeigusa swichi kwa kidole. Waliibonyeza kwa kipande cha ubao, kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi.

"Babu, huyo marehemu bado anachukua mshahara?" Mbishi aliuliza.

"Cheka tu, mjukuu wangu. Mimi alinishika."

"Si angeanza na mimi? Nani anaziharibu mbao zake kama mimi?"

"Hujampa mkono, ndiyo maana."

Wote walicheka, hata Dada. Kisha akamwambia mzee kwamba wafu wako mikononi mwa Mungu, hawana shughuli na swichi.

"Na huyo wako, mwanangu, umemwona?" mzee akamuuliza kwa upole.

Mbishi akapiga makofi. "Mmoja kitambaa, mmoja sala. Nyie mnanipa kazi."

Kiangazi kilipokolea, alichukua patasi akakikata kitambaa mbele ya wote, akaibonyeza swichi kwa kiganja kizima. Msumeno ukanguruma. Hakikutokea kitu. Akainama kama mwigizaji, vijana wakamshangilia, na kidogokidogo wote wakaanza kuwasha kwa mkono. Babu Vanishi alikiokota kitambaa chake, akakitia mfukoni.

Mvua zilipoanza, bati lilivuja na maji yakashuka ndani ya ukuta. Asubuhi ile sakafu ilikuwa imelowa. Dada alikuwa anatunga uzi kwenye sindano alipomwona mdogo wake ameweka mkono kwenye swichi na hauondoi, mwili unatetemeka. Alidhani anaigiza kushikwa na marehemu ili amchokoze mzee.

"Acha mchezo, wewe," akamwambia, akarudi kwenye sindano yake.

Ni Babu Vanishi aliyekimbia na ubao akaupiga ule mkono ukaachia. Mbishi hakuamka tena.

Msibani tajiri alikaa karibu na Dada. Walisali nyumba moja ya ibada, na yeye hukaa safu ya mbele. Alisema kwa sauti ya chini kwamba baba yake hakupenda dharau tangu uhai wake, na kwamba atampa Babu Vanishi chochote ili kitambaa kifungwe upya, kazi iendelee. Waliosikia walitikisa vichwa kukubali.

"Na fundi umeme?" Dada aliuliza.

"Fundi umeme atafanya nini na mizimu, Dada?"

Watu walipopungua, mzee alikuja akaketi chini, ukutani.

"Kilichokushika wewe ndicho kilichomshika yeye," Dada alimwambia. "Ni umeme. Ukuta ukilowa, unauma. Wewe ulikutana nao kwenye mvua, yeye akaupima kwenye jua."

"Labda. Mimi namjua aliyenishika. Lakini nimekuja kukuuliza. Nisipokifunga, vijana watashika swichi kwa mikono, maana ndugu yako amewazoesha. Nikikifunga, tajiri atalala usingizi wake na fundi haitwi. Msiba ni wako, mwanangu. Sema wewe."

Nje mvua ilikuwa inanyesha bado. Wale vijana walikuwa wamekaa barazani, mmoja anamchekesha mwenzake kwa kunong'ona, kwa heshima ya msiba. Kesho wangerudi kazini. Dada aliwatazama. Maisha yake yote hakuwahi kuvaa wala kufunga kitu cha namna ile, hata mtoto wake alipougua na majirani wakambembeleza.

"Kifunge," alisema. "Kifunge wakione wote."

Mzee aliitikia, akajiinua kwa kushika ukuta, akatoka. Dada alipiga magoti asali, akakosa pa kuanzia.