Moto Huhama, Mafiga Hubaki

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa kuni na kusahauliwa wakati wa chai, baba alitoka boma la babu akaenda kujenga lake. Kwetu Waluo mtoto wa kiume hazeekei langoni pa babake. Siku ikifika anaondoka na jogoo na shoka, mke anabeba moto kwenye kigae, wanaenda kuanzisha dala, yaani boma lao wenyewe. Sisi tulienda karibu tu, upande wa pili wa kilima, juu ya barabara ya Mbita, lakini kwa jinsi shangazi zangu walivyolia ungedhani tunavuka mpaka kuingia Tanzania tusirudi.

Nyanya, mamake baba, hakulia. Alisimama mlangoni pa nyumba tuliyokuwa tunaiacha, akamwambia mama, "Nyar Takawiri, moto unahama. Mafiga hayahami. Yaache yalivyo."

Nyar Takawiri ni binti wa Takawiri. Mama alizaliwa kisiwani huko, na sijui kama nyanya aliwahi kulijua jina lake la ubatizo.

"Nimesikia, mama."

Kusikia alisikia. Kutii ni kitu kingine.

Usimwone mjinga. Alipoolewa alipika jikoni mwa nyanya mpaka mimi nikazaliwa, akihesabiwa samaki, akiambiwa ugali wa kisiwani ni uji uliochoka. Siku aliyowekewa mafiga yake matatu ndiyo siku aliyokuwa mtu. Kwa hiyo jiwe moja, lile lililokaa upande wa mlango, alilifunga ndani ya leso akalificha kwenye beseni, chini ya vyombo. Ndugu za baba waliolibeba lile beseni walilalamika njia nzima. "Shemeji, humu umefunga nini, kilima chenyewe?" Mama akawaambia wanaume wa siku hizi hawana shingo.

Kwenye boma jipya aliliunganisha na mawe mawili aliyookota mtoni. Lile la zamani lilikuwa fupi. Kila mwenye macho aliliona isipokuwa mama. Sufuria ikaegemea kama mlevi, ugali ukaiva upande mmoja, na baba, ambaye hakuwa mtu wa maneno, akauliza kama huu upande mbichi ni wa wageni. Mama akachomeka kigae chini ya jiwe. Kikapasuka. Akachomeka kingine.

Asubuhi moja uji ulipinduka. Ndugu yangu Ouma, aliyekuwa bado anatambaa, alikuwa ameketi palepale. Mama alimnyakua kwa mkono mmoja, kama mwewe na kifaranga, na uji ukapita mahali palipokuwa na miguu yake. Ouma alicheka. Mama akaketi kwenye majivu, amemkumbatia. Mimi sikuelewa, maana mtoto alikuwa mzima. Siku hizi naelewa alikuwa anawaza chira, ule ugonjwa wa kukonda unaoingia kwenye nyumba iliyovunja mwiko. Walisema huanza na aliye mdogo.

Nyanya alifika kabla uji haujakauka sakafuni. Hakuna aliyemwita, aliletwa na hasira zake. Alikuwa ameanza kulima pale tulipohama, maana palipokaliwa na watu mboga humea vizuri, akakuta mafiga mawili.

"Jiwe la tatu liko wapi?"

"Ni langu, mama. Wewe mwenyewe ulinipa."

"Nilikupa ukiwa kwangu. Hapa ni kwa nani?"

Mama akasukuma kuni motoni.

"Nakuuliza, Nyar Takawiri. Hili jiko ni la nani?"

"Letu."

"Sema vizuri."

"Langu."

"Basi hilo jiwe unamwonyesha nani?"

Mama alilibeba kichwani mchana kweupe, watu wakitazama. Nyanya alitangulia akitoa amri: ukifika tua, usiseme neno, geuka, ondoka, usiangalie nyuma. Anayeangalia nyuma anakiita alichokiacha kimfuate. Mimi nilifuata kwa sababu hakuna aliyenikataza.

Paa lilikuwa limeanza kuzama na mbuzi walikuwa wamelala ndani. Mama akaliweka jiwe karibu na wenzake, akapangusa mikono, akatoka. Tulipofika kwenye ua aligeuka mwili mzima, akasimama, akaangalia.

"Wewe! Nimesema nini?"

"Naangalia kama palikuwa pazuri," mama akasema. "Kumbe hapakuwa."

Nyanya alifungua mdomo kumtukana, kicheko kikatoka badala ya tusi. Akashika ua asianguke. "Hata moshi ulikuwa haujui njia ya kutoka," akasema, na mama naye akacheka. Sikuwa nimewahi kuwasikia wakicheka kitu kimoja.

Ouma hakukonda. Leo ni babu mwenye kitambi, anauza mbolea huko Rongo. Mchungaji wangu anasema chira ni ushetani. Wajukuu wanasema, "Dani," yaani nyanya, "ni mawe tu hayakulingana." Nawaachia wote. Wengi wao hawajawahi kuhama. Mimi nimehama kwa ndoa, kwa ujane na kwa uzee, na nimeona mke mpya akilishwa hasira za mke wa kwanza, nimeona watu wakiokoka na kwenda na masengenyo yao hadi kanisani. Mwiko wa mafiga uliwaambia watu hayo hayo bila kuwachosha na hotuba.

Mahali pamoja tu wazee walikosea. Mtu akishatua mzigo, mwacheni aangalie nyuma. Asipoangalia atapasifu maisha yake yote.

Jioni ile mama alitafuta jiwe lenye kimo, akapika, kisha akafanya kitu ambacho sikuwa nimekiona: aliketi chini, akanyoosha miguu, akala bila haraka. Mimi nilidhani ni kwa sababu sufuria imetulia.