Nyani Waliposikia Kimya

Siku niliyoona aibu kupiga debe naikumbuka hadi leo, mwanangu, na hasira niliyoamka nayo imeanzia huko. Usinikatize. Jana nilikusikia ukimwambia mchumba wako kwenye simu kwamba kazi ya mama yako, kufua mashuka ya wagonjwa pale Mugumu, ni unglamorous. Ukacheka. Ulidhani mjomba wako hajui Kiingereza.

Neno hilo nalijua. Mwalimu wetu wa sekondari alituandikia ubaoni maana yake: kisicho na mvuto machoni pa watu. Akatoa mfano wa kazi ya mkunga. Nilipata vema kwenye daftari, nikarudi likizo hapa Robanda kichwa kimevimba, nikamwambia mama kwamba kulinda mahindi ni kazi isiyo na mvuto. Mama alinikabidhi debe la kufukuzia nyani.

Nyani walikuwa wakitoka hifadhini mchana kweupe. Mama yako, mdogo wangu, alipiga debe upande wa korongo, mimi upande wa barabara ya magari ya watalii. Basi gari likasimama. Ndani yake alikuwa mwanafunzi mwenzangu, amevaa sare ya kambi ya watalii na miwani ya jua. Nililitupa debe kwenye majani, nikamwendea mikono mfukoni. Tulipiga soga kitambo. Akaniuliza lile shamba ni la nani, nikasema silijui.

Nyani waliposikia kimya, waliingia. Mama yako aliwakimbilia peke yake, akilia, akiniita kwa jina, nami nikajifanya sisikii! Hadi leo nikikumbuka najichukia.

Yalikuwa mahindi yetu ya mwaka mzima. Jioni mama alinitengea sahani tupu mbele ya watu wote.

"Chacha," akasema, "wewe kula huo mvuto wako."

Aliyenimegea ugali ni mama yako, mikono yake imechanwa na miiba. Huyo huyo unayemcheka.

Sasa sikiliza, maana sitarudia. Neno lenyewe halina kosa. Litumie kwa kazi unayoifanya wewe, jasho likikutoka. Hapo una haki nalo. Usilitumie kwa kazi ya mtu inayokulisha na kukuvisha. Ulipolazwa na malaria ulilalia mashuka aliyoyafua yeye, na hukuuliza kama yana mvuto.

Kesho mchumba wako anakuja. Mama yako atakuwa anatoka kazini na sare yake, ananuka sabuni. Utatoka hadi barabarani, utampa shikamoo kwa sauti, umpokee mzigo, umwambie yule kijana huyu ni mama yangu na kazi yake ni hii. Ukinyamaza nitasema mimi, na utatafuta pa kuuficha uso wako.

Haya, nimemaliza. Mungu akupe ndoa njema, mwanangu, na akupe watoto wasiokukana barabarani.