Siku Mama Alipouliza Bandari

Tulifika Mombasa asubuhi, miguu imevimba. Akina mama wa kanisa letu la Giakanja walikuwa wamesafiri usiku kucha, nami nikawa mkalimani wao, kwa sababu nilikuwa mwalimu na Kiswahili changu kilikuwa na nafuu. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, na kila mtu alitaka kuiona nchi yake.

Tulizungushwa ngomeni, tukaoneshwa mizinga, kisha milango ya nakshi ya Mji wa Kale na soko la samaki. Nilitafsiri mpaka koo likakauka. Sweta tulizotoka nazo kwenye baridi yetu tulizifunga viunoni. Wenzetu walinunua leso. Mama yangu hakushika kitu. Kila tulipokata kona aliniuliza, "Bandari iko wapi?"

Tulipoifikia bandari ya zamani, wengine waliketi kivulini wakavua viatu. Mama alimwendea mzee aliyekuwa akiuza kahawa karibu na ngazi za kuteremkia majini.

"Mzee, ati wale watu ya kizuizini walipandishwa meli hapa?"

Mzee aliliweka chini dele lake la kahawa.

"Wako waliopitia hapa, mama. Wengine bandari kubwa ya Kilindini. Ulikuwa na mtu wako?"

"Ndugu yangu. Walimpeleka kisiwa. Hakurudi."

Nilijua mjomba alikufa wakati wa Hali ya Hatari ya mkoloni, lakini nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kutaja kisiwa.

"Uso wake siwezi kusema niliuona, nisije nikakudanganya," mzee alisema. "Niliwaona wakipita na pingu, jua kali. Tulifukuzwa tusiwape hata maji. Pole sana, mama."

Mama aliitikia kwa kichwa. Aliteremka ngazi polepole, mkono wake mzito begani mwangu, akachota maji kwa kiganja, akayaonja na kuyatema.

"Ni chumvi kweli," akaniambia kwa Kikuyu. "Na yeye alikuwa mtu wa kupenda maji ya mtoni."

Tulipanda tena, akaketi chini na kuegemea ukuta. Kiongozi wa safari alituita twende tukapande feri. Nilitaka kumjibu kwamba tunakuja, lakini nilipomtazama mama, alikuwa amelala usingizi, mdomo wazi kidogo, leso ya kichwani imeteleza.

Nikawaambia watutangulie. Nilivua viatu vyangu nikaketi kando yake.