Uso wa Babu Bandarini

Katika nyumba yetu ya Kibiti palitundikwa picha moja tu: bandari ndogo ya Kiongoroni, iliyochorwa kwa rangi za maji na Mzungu mmoja mchora meli, zamani, kabla mama hajazaliwa. Meli imetia nanga mlangoni mwa mto, na ufukweni wachukuzi wanapakia boriti za mikoko kwenye mashua. Mmoja wao amegeuka kumtazama mchoraji. Huyo ndiye babu, baba yake mama. Mzungu alimpa picha kama asante ya kumsimamisha juani. Babu alifariki mama akiwa bado ananyonya, na hakuwahi kupigwa picha ya kamera. Mama alimjua baba yake kwa kijiuso kile tu, kidogo kama punje ya mtama.

Ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Wafanyabiashara kutoka Dar walipita vijijini wakiulizia vitu vya kale, milango, masanduku, viti. Mmoja aliiona picha yetu akaitamani. Mjomba, kaka yake mama kwa mama mmoja na baba mbalimbali, naye akatamani mashine ya kusaga kwa fedha zake. Tuliishi kwake, lakini picha ilikuwa ya mama. Basi mjomba, ambaye msikiti aliuona Ijumaa kwa Ijumaa, ghafla akawa shehe.

"Mdogo wangu, nyumba yenye sura za watu malaika hawaingii. Swala zetu zinapotea bure. Yule mgeni akirudi kesho, mpe aende nayo."

Mama hakubisha. Nilikasirika sana, nikadhani amesalimu amri.

Kesho yake, baada ya swala ya alfajiri, alitandika mkeka uani, akaitoa picha kwenye fremu, akafungua wembe mpya. Kwetu sura iliyofutwa uso haihesabiwi sanamu. Bibi zetu walikuwa wakifuta hata macho ya midoli ya dukani. Akaanza kukwangua nyuso za wachukuzi, mmoja baada ya mwingine, taratibu, karatasi isitoboke. Alipofika kwa babu mkono ukasita. Nikamwambia amruke, nani atajua. Alijifuta machozi kwa upindo wa khanga ili aone vizuri, akakwangua.

Mgeni alipokuja aliipeleka picha kwenye mwanga, akaguna, akasema imeshaharibika. Mjomba akamgeukia mama.

"Umefanya nini?"

"Nimewafungulia malaika njia, kaka."

Mgeni akaaga. Mjomba alinuna, lakini maneno yalikuwa yake mwenyewe.

Mama akairudisha picha kwenye fremu, akaniita nimshikie, akachukua nyundo. Nikamwambia sasa hatamwona tena baba yake.

"Najua," alisema, akigongelea msumari. "Lakini baba yangu hatalala kwa watu baki."