Kupatana Bei ya Giza, Koboko

Niliondoka Arua kwa sababu ya mbuzi. Mteja mmoja wa kijiji cha Inde alitaka kuinunua darubini yangu ili akae kivulini na kuwachunga mbuzi wake kwa mbali. Mume wangu, Candia, aliona hiyo ni akili nzuri. Mimi nauza kamera na simu za mitumba. Darubini ile niliipata kwa kutoa godoro na baiskeli, na sikuwa tayari kuiona ikichunga mbuzi. Tukapatana hivi: kabla mteja hajaja kesho jioni, nilete picha ya nebula, yaani wingu la gesi na vumbi ambamo nyota huzaliwa, tena picha ambayo Candia mwenyewe atakubali kuitundika sebuleni. Nikishindwa, mbuzi wameshinda.

Arua haikunifaa. Taa za mji zinaifanya mbingu iwe rangi ya chai ya maziwa. Manibe, kando ya mji, nilikwisha kujaribu; jirani aliniwashia taa ya ulinzi usoni. Ikabaki Koboko, kwa rafiki yangu Poni, anayeniletea unga wa muhogo sokoni. Kwake umeme haujafika, na kwa mara ya kwanza nilimwonea wivu.

Saa sita mchana, kituo cha magari, Arua. Nilihesabu vitu vyangu: darubini, miguu yake mitatu, kamera ya kawaida, pete ya chuma ya kuunganisha kamera na darubini, kompyuta. Nikahesabu tena, maana kituo ni kituo. Dereva aliitazama darubini iliyojilaza kwenye kiti cha nyuma.

"Hii iko abiria. Italipa kama mutu."

"Kama ni mutu, muulize jina."

Akaiuliza kweli. Haikujibu, ikasafiri kama mzigo.

Saa tisa, nyumbani kwa Poni, nje kidogo ya mji wa Koboko. "Karibu, dada! Umeleta bomba ya maji?" Poni aliuliza, akiitazama darubini. Nilicheka mpaka nilipoona kilichokuwa nyuma ya nyumba: wanaume, mbwa, nyavu, na kaka yake Poni, Lemi, ameshika kiberiti. Ni kiangazi. Wakati huu huchoma nyasi ili panya wa porini, kitoweo chao, wakimbilie kwenye nyavu. Nyasi zile zikiwaka, moshi ungelala juu yetu mpaka asubuhi, na mimi nilikuwa na usiku mmoja tu.

"Kaka Lemi, ngojeni kesho."

"Panya iko leo."

"Na kesho? Wanahamia Kongo?"

"Dada, nyota yako iko mingi, haiwezi kuisha. Panya inaisha."

Nikafanya kama mfanyabiashara yeyote aliyebanwa: nikaongeza kitu. Kila mwindaji nitampiga picha na mbwa wake.

"Picha ya karatasi," alisema Lemi. "Si ya simu. Na utaleta wewe mwenyewe."

Nilihesabu wawindaji: wanane. Nikahesabu tena: kumi na mmoja. Watatu walitokea majanini waliposikia habari ya picha. Lemi alitia kiberiti mfukoni, huku wenzake wakimzomea kwamba amenunuliwa na mwanamke wa mjini.

Saa mbili usiku. Hakuna mwezi, hakuna moshi. Niliielekeza darubini kando ya zile nyota tatu zilizojipanga mstari. Kabla ya kufunga kamera, niliwaacha watazame. Lemi alikuwa wa kwanza. Aliinama, kisha akaruka.

"Poni, kuja uone! Dada nakataza sisi moto, kumbe huko juu wanachoma nyasi!"

Ndivyo jicho linavyoiona: moshi mwepesi wa kijivu. Nikafunga kamera mahali pa jicho. Darubini yangu haina mota ya kufuata nyota; ukiiacha kamera wazi muda mrefu, kila nyota inakuwa mstari. Kwa hiyo nilipiga picha fupi fupi, nyingi sana, nikasogeza darubini, nikapiga tena. Kisha kompyuta ikazipanga moja juu ya nyingine, na mwanga ukajumlika. Pale kwenye kioo rangi ikajitokeza polepole: waridi, na katikati weupe kama maziwa. Wawindaji wakasogea kuizunguka kompyuta.

"Nani aliwasha?" aliuliza Lemi.

"Nyota zilizo ndani yake ndizo zinaiwasha hiyo gesi."

"Basi hiyo iko moto," alisema, ameridhika.

Asubuhi niliwapiga picha wote, hata mbwa aliyekataa kukaa. Nilipokuwa naondoka, nyasi zilikuwa zinawaka na mbingu yote imefunikwa na moshi. Hapo ndipo nilipoelewa. Nimezoea kufikiri mbingu haina mwenyewe, ni ya bure. Labda. Lakini giza safi lina wenyewe, na usiku ule walinipa lao, wakalala bila kitoweo.

Saa tisa alasiri, Arua. Candia aliigeuza mara mbili picha niliyoichapisha mjini.

"Juu ni wapi?"

"Kule hakuna juu."

Akaipima kwenye ukuta wa sebule. Kisha akaenda kutafuta nyundo.

Jioni mteja wa Inde alifika na kamba ya kufungia darubini kwenye pikipiki.

"Haiuzwi," alisema Candia.

"Kwa nini?"

"Tunaitumia," alijibu mume wangu, ambaye hajawahi hata kuigusa.