Baba anataka kuweka wakfu nyumba niliyoiweka rehani

Admin, nifichie jina, maana Kibiti ni ndogo na hata shangazi zangu wanausoma ukurasa huu. Mimi ni muuguzi, nina miaka thelathini na nne, nimeachika, nina mtoto mmoja.

Baba yangu ni mwalimu wa madrasa. Amefundisha huko delta maisha yake yote, na ukimtajia riba anatema mate. Sasa mwenzenu nilichoka kupanga, nikachukua mkopo wa nyumba benki. Nikapata kinyumba cha vyumba vitatu, hati ikabaki kwao rehani, na mshahara unakatwa kila mwezi pamoja na riba. Mikopo isiyo na riba ipo, najua, msinianze! Nilikimbilia walioniitikia haraka. Nyumbani nikasema nimenunua kwa pesa za mchezo wa kupokezana tunaocheza wauguzi. Uongo mtupu. Baba akasujudu palepale sebuleni kushukuru.

Ningeweza kuishi na uongo wangu. Lakini mto ukafurika, ukazoa nyumba yake na madrasa yake, nikaenda mwenyewe kumleta kwangu. Wiki tatu alishinda barazani peke yake, mtu aliyezoea kelele za watoto. Siku moja tunakula wali kwa kamba, akasema, "Mwanangu, hiki chumba cha mbele kimekaa bure. Tukiweke wakfu kiwe madrasa. Thawabu zitakufuata mpaka kaburini."

Nikanyamaza. Jamani, ujinga wangu ndio huo! Kwetu mtoto wa kike akinyamaza mbele ya baba yake, amekubali. Hata posa hujibiwa hivyo. Mimi natafuta neno la kumzungusha, mzee keshasema alhamdulillahi, ananawa mikono.

Ijumaa akatangaza msikitini. Mikeka ikaletwa. Kina mama wakawa wananikumbatia sokoni, na mimi nacheka nao kama sina neno. Jana wamekuja wazee wawili wa kamati ya msikiti. "Binti, Ijumaa hii tunaandikiana," wakasema. "Tutolee hati tuione, mali ya Mungu haitaki mashaka."

Nikadanganya kwamba nimeifungia kabatini kazini. Baba akacheka, "Huyu mwangalifu tangu mdogo." Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikakimbilia benki na sare yangu ya kazi. Dada wa mikopo akanisikiliza vizuri tu, kisha akasema, "Nyumba ikiwa rehani huwezi kuitoa kwa mtu, dada yangu, hata chumba kimoja. Mpaka umalize." Nimebakiza miaka kumi na miwili. Kuuza nako mpaka wao waridhie, na nikiuza, baba nampeleka wapi?

Nikikataa bila sababu, mji mzima utasema nimemnyima Mungu chumba. Nikisema kweli, namjua baba yangu: atafunga kanzu zake arudi kwenye matope yale, na hatakula tena cha mkono wangu. Ana kisukari, sindano zake namchoma mimi. Yarabi, nimejifungia mwenyewe!

Leo asubuhi nimemkuta anafagia chumba kile, kajiinamia na mgongo wake mbovu. Akaniambia, "Nikifa msinirudishe delta. Nioshwe humu humu, kwenye nyumba ya halali."

Nikamwitikia, "Sawa, baba."

Ijumaa ni keshokutwa. Ndugu zangu, nitukaneni mkipenda, ila mkimaliza mniambie: nimwambie, au nifanyeje?